Tumegeuza wimbo wa mapenzi kuwa wimbo wa ziwa kufungwa, video imeshushwa. Sheria inasemaje?

MamaVichanja, Kigoma

Habari zenu wadau. Naandika nikiwa Kibirizi. Nina jambo limenikaa rohoni, leo siku ya kumi, na nahitaji mtu anayeijua sheria ya hakimiliki anielekeze. Pole nimeshapewa za kutosha.

Mimi naanika dagaa. Tuko wanawake kumi na mmoja kwenye kikundi, tunaweka hisa pamoja na tunaimba pamoja. Kuimba hatukuanzia mtandaoni. Ukigeuza dagaa juani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka alasiri bila wimbo, mgongo haukuachi.

Mnakumbuka 2024 ziwa lilivyofungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Nchi zote nne zenye ziwa, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana Tanganyika lipumzike samaki wazaliane. Sipingi kabisa ziwa kupumzika, nina watoto na wao watakula dagaa. Ila miezi mitatu ni mirefu kwa mtu asiye na kazi nyingine. Vichanja vilibaki vitupu, kuku wakawa wanapanda kulala juu yake. Na kipindi hichohicho kila redio inapiga wimbo mmoja wa mapenzi. Jina silitaji, sitaki kumharibia msanii. Humo ndani kijana analia kwamba mpenzi wake kasafiri, amemsubiri miezi mitatu, halali, hali, akiletewa sahani anaisukuma.

Mwenzetu mmoja, mjane, ana watoto wanne, aliusikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Halafu akasema, "Huyu ana sahani ya kusukuma." Tulicheka mpaka tukatoa machozi, na palepale ubeti ukatoka:

*Wewe wangoja mpenzi, chakula wakisusia,*
*Sisi twangoja Agosti, hakuna cha kususia.*

Tukauongeza wa pili:

*Nyavu zalala darini, panya wanazitafuna,*
*Marejesho Jumatatu, na mfukoni hakuna.*

Tukawa tunauimba wenyewe kwa wenyewe tu. Mwaka huu mtoto wa dada yangu akaturekodi kwa simu pale mwaloni. Akatafuta mtandaoni biti ya wimbo ule, ile isiyo na sauti ya mwimbaji, akaiweka chini ya sauti zetu. Kiitikio tulikiacha kama kilivyo, tukabadilisha neno moja tu: palipokuwa na jina la mpenzi tukaweka "Tanganyika". Alipandisha Alhamisi, na kufikia Jumapili watu wa Kasulu na Uvinza walikuwa wananirudishia mimi mwenyewe video yangu, hawajui ni yangu. Tukaitwa kuimba kwenye harusi mbili, moja Mwanga, moja Katubuka, tukapata elfu themanini zote mbili.

Kisha ukaja ujumbe: video imeondolewa kwa madai ya hakimiliki, akaunti imepewa straiki moja, zikifika tatu inafungwa. Akaunti hiyo ndiyo duka langu. Wateja wangu wa Dodoma na Mwanza wananiagizia dagaa humohumo.

Nimeuliza watu. Mmoja anasema ukitumia chini ya sekunde thelathini huna kosa. Mwingine anasema ukishabadilisha maneno wimbo ni wako. Wa tatu anasema ningeandika chini ya video kwamba haki zote ni za mwenyewe, yangekwisha. Mimi sikuiba wimbo wa mtu ili nijifanye mwimbaji. Tulimjibu. Hivi kumjibu mtu kwa wimbo wake mwenyewe, kwa kumtania, ni wizi? Naomba ukweli hata kama ni mchungu.

DogoGungu

Dada, waambie wapandishe kidogo sauti ya biti na kuongeza spidi, halafu mrushe upya. Mashine haitaitambua. Wengi tunafanya hivyo.

FundiSauti, Mwanga

Dogo, usimwongoze mwenzako shimoni. Ana straiki moja tayari, na akaunti ndiyo riziki yake. Akinaswa anakwepa, hata hoja yake nzuri itaonekana ya mtu aliyekuwa anajificha.

Mama, nina studio ndogo, nimekaa na mambo haya miaka kadhaa. Kwanza elewa nani alikushusha. Mara nyingi si mtu. Kampuni inayosimamia rekodi inaweka wimbo kwenye mfumo wa mtandao, mfumo unasikiliza kila video inayopanda na kuulinganisha. Ukikuta mawimbi ya sauti yamefanana, unapiga kengele. Ule ubeti wenu wa kususia mashine haiwezi kuuelewa. Ilichosikia ni ngoma, kinanda na besi vya rekodi ileile.

Pili, ndani ya wimbo mmoja mna vitu viwili, na watu wengi hapa hawavitenganishi. Kuna utunzi: maneno na melodia, huo ni wa mtunzi. Na kuna rekodi: ile sauti yenyewe iliyonaswa studio, hiyo mara nyingi ni ya aliyelipia studio. Ninyi maneno mliyabadilisha, lakini rekodi mliichukua nzima. Hata mtunzi angewapenda kiasi gani, mwenye rekodi bado ana lake la kusema. Biti isiyo na sauti ya mwimbaji haina maana kwamba ni ya bure. Ni rekodi kama rekodi nyingine.

Ushauri wangu wa kazi: achaneni na biti ile. Njooni na ndoo, na ule mlio wa kukung'uta nyavu, nitawatengenezea ya kwenu. Habari ya melodia na ubeti namwachia mwanasheria.

WakiliIsevya, Tabora

Mwangaluka wote. Dada yangu, nimesoma andiko lako mara mbili. Nitakueleza ninavyoijua sheria, lakini ukifika mahali pa kujibu madai rasmi tafuta wakili aione hiyo video na huo ujumbe kwa macho yake.

Niziondoe kwanza zile tatu ulizoambiwa. Sekunde thelathini hazimo kwenye sheria yetu. Hakuna idadi ya sekunde inayokupa ruhusa. Kubadilisha maneno hakufanyi wimbo kuwa wako. Haki ya kuigeuza kazi, kuitafsiri au kuipanga upya ni ya mwenye kazi, na anayeigeuza anatakiwa kupata idhini. Na kuandika kwamba haki ni za mwenyewe ni adabu nzuri, lakini kumtaja mwenye mali si sawa na kumwomba.

Sasa swali lako. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, Sura ya 218. Kifungu cha 12 kinataja matumizi yasiyohitaji idhini: nakala kwa matumizi binafsi, kunukuu kwa kiasi cha haki na kutaja chanzo, kufundishia, habari za matukio, na mengine ya namna hiyo. Nimekipitia tena usiku huu nikiwa na wimbo wako kichwani. Neno la kuiga kwa mzaha, ambalo wenzetu huliita parodi, halimo. Kwa hiyo mlango wenye jina lako haupo. Unachoweza ni kujaribu kupita mlango wa kunukuu, na huo ni mwembamba kwa mtu aliyechukua kiitikio kizima na biti nzima.

Tena mtunzi ana haki ya heshima: kutajwa jina, na kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia hadhi. Sioni kwamba ubeti wako unamvunjia. Lakini angeweza kusema hivyo.

Kwingine mlango umechongwa. Ufaransa sheria yao inaruhusu parodi na katuni kwa kufuata desturi za fani hiyo. Kanada waliongeza parodi na tashtiti mwaka 2012, Uingereza wakafuata 1 Oktoba 2014. Kesi iliyo karibu zaidi na yako ni ya Marekani. Mwaka 1989 kundi la rap la 2 Live Crew lilichukua wimbo wa Roy Orbison wa 1964, "Oh, Pretty Woman", mstari wa kwanza wakauacha karibu ulivyo, kisha wakaugeuza ukawa wa kuutania ule wa awali. Walikuwa wameomba ruhusa, wakaahidi kulipa na kumtaja mtunzi, wakakataliwa. Wakautoa hivyohivyo, wakashtakiwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa kwa kauli moja, ilisema kuuza wimbo wa mzaha hakutoshi peke yake kuwatia hatiani, na kwamba kuomba ukanyimwa si ushahidi dhidi yako. Anayetania lazima achukue kiasi cha kumfanya msikilizaji autambue wimbo unaotaniwa, la sivyo utani haueleweki. Lakini haikuwapa ushindi kamili. Kesi ilirudishwa chini ipimwe zaidi, pamoja na suala la kiasi cha muziki kilichochukuliwa, na mwishowe pande zote zikaelewana.

Hapo ndipo beti zako mbili zinapoachana, na ningependa ulione hili vizuri. Ubeti wa kwanza unamlenga yule kijana na sahani yake. Bila wimbo wake ubeti hauna maana, kwa sababu unasema: njaa yako ni ya kuchagua, yetu hatukuichagua. Hiyo ni parodi halisi. Ubeti wa pili, nyavu na marejesho, ni mzuri, lakini hausemi lolote juu ya wimbo ule. Ungeweza kuuimba kwa melodia yoyote. Majaji wale walisema mtu anayeazima kazi ya mwenzake ili tu avutie masikio, au aepuke jasho la kutunga kipya, hoja yake inapungua nguvu. Mwaka 1997 mahakama ya rufani ya Marekani ilikizuia kitabu kilichosimulia kesi ya O. J. Simpson, mwanamichezo maarufu aliyeshtakiwa kwa mauaji, kwa mtindo wa hadithi ya watoto ya Dr. Seuss, kwa sababu kilimcheka Simpson, hakikukicheka kitabu kilichoigwa.

Ajabu ni kwamba Ulaya wanaona vingine. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Ubelgiji kuhusu kalenda ya mwanasiasa iliyochorwa kwa kuiga jalada la katuni, ilisema si lazima parodi iilenge kazi iliyoigwa. Inatosha ikumbushe ile kazi huku ikionekana wazi kuwa tofauti, na iwe na mzaha au kejeli. Huko hata ubeti wako wa pili ungepata pa kusimama, mradi mahakama ipime pia haki za mwenye kazi.

Hukumu hizi zote hazifungi mahakama yetu. Nimezileta ili ujue kwamba swali lako si la kipuuzi. Majaji wakubwa wamelihangaikia.

Kuhusu straiki: mitandao mingi inafuata sheria ya Marekani ya 1998, ambayo inakuruhusu kupeleka pingamizi. Mahakama ya rufani ya huko ilisema mwaka 2015, kesi ya mama aliyerusha sekunde 29 za mwanawe akicheza, kwamba mwenye haki anapaswa kufikiria kwanza kama matumizi ni ya halali kabla ya kudai video ishushwe. Lakini soma fomu kabla ya kubonyeza. Mtu aliye nje ya Marekani anayepeleka pingamizi hilo anakubali kushtakiwa kwenye mahakama za Marekani. Toka Kibirizi mpaka huko ni mbali, dada. Kwa wimbo wenye biti ya watu ndani yake, mimi nisingebonyeza.

MwalimuUjiji

Nawasalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha fasihi Ujiji na baadaye Kasulu. Wakili amesema vizuri na sina ubishi na vifungu vyake. Ninachokiona ni kwamba sheria hii inazungumza kama mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye ngoma.

Kwetu wimbo hujibiwa. Watunzi wa mashairi wanajibizana kwa bahari ileile na vina vilevile, na anayejibu akibadilisha vina anaonekana ameshindwa. Mipasho ya taarabu ni majibu. Ngoma ya beni, wazee wetu walipoiga bendi na magwaride ya kijeshi ya wakoloni, vyeo na sare zikiwemo, wakajigawa makundi ya Marini na Arinoti na kutukanana kwa nyimbo, ilitoka pwani ikaenea bara. Kuchukua sauti ya mwenzako na kumrudishia ikiwa na maneno mengine ni namna ya kumheshimu na kumpinga kwa pamoja. Mjane anayesema "huyu ana sahani ya kusukuma" amefanya uhakiki ambao wanafunzi wangu wa kidato cha sita walikuwa wanauhangaikia kurasa tatu.

Kwa hiyo, mwanangu, usikubali kuitwa mwizi. Na wakili, tafadhali, mnapokaa na watunga sheria muwapelekee hili. Kifungu cha 12 kina nafasi ya kuongezewa mstari mmoja.

WakiliIsevya, Tabora

Shikamoo mwalimu. Nimelipokea, na nakubaliana nawe kwamba mstari huo unahitajika. Naongeza moja tu, kwa faida ya dada. Kujibizana kwa bahari na vina hakujawahi kukatazwa, hata leo. Hakimiliki hailindi wazo, mtindo wala mpangilio wa mizani. Inalinda namna mtu alivyolieleza wazo lake. Kijana anayesubiri mpenzi miezi mitatu ni wazo, mtu yeyote anaweza kulijibu. Melodia yake na maneno ya kiitikio chake ndiyo mali. Kwa maana hiyo ubeti wa kwanza ni wenu kwa kila herufi, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya.

Na melodia za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana ziko chini ya sehemu nyingine ya sheria hiyohiyo, inayoruhusu kuazima sanaa ya jadi ili kutunga kazi mpya ya kwako. Kama mna wimbo wa kazi wa bibi zenu, anzeni hapo.

MamaVichanja, Kigoma

Shikamoo mwalimu. Wakili, asante sana. Fundi, asante. Nimewasomea wenzangu majibu yote jana jioni tukiwa tunafunga magunia, nikarudia pale pa beti mbili kuachana mara tatu kwa sababu mjane wetu alitaka kusikia.

Nimefanya haya. Pingamizi sikulipeleka. Nilimwandikia meneja wa yule msanii, nikamweleza sisi ni akina nani, nikamtumia beti zote mbili, nikamwambia na zile elfu themanini za harusi, sikuficha. Siku ya nne msanii mwenyewe akatuma ujumbe wa sauti. Alicheka sana kwenye kususia. Akasema maneno hayamuudhi hata kidogo, na kwamba bibi yake alikuwa anauza migebuka, anaelewa. Lakini akasema rekodi si yake, ni ya kampuni, na kiitikio alitunga na mwenzake, kwa hiyo hawezi kuniruhusu peke yake. Ni kama Fundi alivyosema. Nilimshukuru. Iliniuma kidogo kuona mtu aliyeimba hana uwezo wa kutoa sauti yake mwenyewe.

Straiki imebaki, nitaisubiri iishe muda wake. Wimbo tunaurudia. Kiitikio chao tumekitoa chote. Mama mmoja mzee wa Katonga alitufundisha wimbo wa kuvuta kamba ya mtumbwi, ule wa kupokezana, mmoja anaita wengine wanaitikia. Hakuna anayejua nani aliutunga, hata mama yake aliukuta. Mizani yake ni minane kwa minane, ubeti wa kususia umeingia bila kuguswa neno. Ubeti wa nyavu nao umekaa vizuri zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu wimbo wenyewe ni wa mtumbwi.

Jina la yule kijana halimo, lakini anayeujua wimbo wake atajua tunamjibu nani. Tunarekodi Jumamosi saa nne asubuhi palepale mwaloni, dagaa wakiwa bado juani, Fundi anakuja na maiki zake. Fundi, kuna upepo mkali wa ziwa saa hizo, uje na kitu cha kuzifunika.

FundiSauti, Mwanga

Nakuja nazo na sponji zake. Ndoo mbili, moja tupu na moja yenye maji nusu. Na kamba.